Kiti cha Wilaya ya 136 ni cha Nani?



Jumatatu tarehe 10 Januari, 1966, Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, lilikutana mjini Atlanta kuanza kikao chake cha mwaka. Wajumbe walijiandaa kula kiapo. Miongoni mwao alikuwapo kijana mmoja Mweusi, Julian Bond, aliyebakiza siku nne tu kutimiza umri wa miaka 26. Karani wa Baraza alikataa kumwapisha. Wajumbe 75 walikuwa wamekwisha kuleta maombi ya kumpinga, na siku hiyo hiyo, baada ya kamati maalumu kumhoji, Baraza lilipiga kura 184 kwa 12 kwamba asiruhusiwe kula kiapo wala kukaa kitini.

Bond hakuwa amevamia Baraza. Alikuwa amechaguliwa kihalali na wilaya ya uchaguzi ya 136, nayo ni sehemu ya mitaa ya Weusi katika mji wa Atlanta. Umri wake ulitosha, makazi yake yalikuwa ndani ya wilaya, uraia wake haukuwa na shaka. Hata mawakili wa jimbo baadaye walikiri mahakamani kwamba sifa zote zilizotajwa na katiba ya Georgia alikuwa nazo. Kwa hiyo mlango ulipofungwa mbele yake, waliofungiwa hawakuwa mtu mmoja. Walikuwa wapigakura 6,500 wa wilaya ile, na kati yao kiasi cha 6,000 walikuwa Weusi. Historia ya wilaya hii ndogo ni historia ya swali moja: kiti cha mjumbe ni mali ya nani? Ni cha wajumbe wenzake wanaoketi pamoja naye, au ni cha watu waliomtuma?

Ili kulielewa swali hilo hapana budi kurudi nyuma karibu miaka mia moja, kwa sababu Baraza la Georgia halikuanza mwaka 1966 kuwafukuza waliochaguliwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, watumwa waliokombolewa walipata haki ya kupiga kura, na mwaka 1868 Weusi 33 walichaguliwa kuingia katika Bunge la Georgia. Mwezi Septemba mwaka huo huo wengi wao walifukuzwa. Hoja ya waliowafukuza ilikuwa ya ajabu: kwamba katiba iliwapa Weusi haki ya kuchagua, lakini haikuwapa haki ya kuchaguliwa. Henry McNeal Turner, mmoja wa wajumbe hao, alisimama tarehe 3 Septemba akawaambia wenzake kwamba hakuja pale kuomba huruma ya mtu bali kudai kilicho chake. (Turner huyo ndiye aliyekuja kuwa askofu, akafika mpaka Afrika Kusini mwaka 1898 kwa kazi ya kanisa.) Kabla mwezi haujaisha, Philip Joiner, mwingine wa waliofukuzwa, alikuwa katika msafara wa Weusi uliokwenda kwenye mkutano wa siasa katika mji mdogo wa Camilla. Walipokewa kwa risasi, na wengi waliuawa.

Mwaka 1869 mahakama ya juu ya jimbo lenyewe iliamua kwamba Weusi wana haki ya kushika vyeo, na Serikali ya Washington ikairudisha Georgia chini ya usimamizi wa jeshi. Mwaka 1870 waliofukuzwa walirudi vitini. Lakini jeshi lilipoondoka, mabwana wakubwa wa mashamba walirudisha utawala wao, safari hii kwa subira. Mjumbe Mweusi wa mwisho wa zama zile, W. H. Rogers wa kaunti ya McIntosh, aliondoka mwaka 1907. Mwaka uliofuata katiba ya jimbo ilirekebishwa ili mpigakura apimwe kwa kusoma na kuandika, kwa mali, na hata kwa babu yake. Tangu hapo, kwa zaidi ya nusu karne, hakuna Mweusi aliyeketi katika Bunge la Georgia.

Waliotawala hawakutegemea sheria za kumzuia Mweusi peke yake. Walikuwa na chombo kingine, nacho ndicho kinachowapasa watumishi wa umma kukitazama kwa makini, maana hakikuwa na bunduki wala kamba ya kunyongea. Kilikuwa hesabu tu. Georgia ina kaunti 159. Kaunti nane zenye watu wengi zilipewa wajumbe watatu kila moja katika Baraza, kaunti 30 zilizofuata zilipewa wawili wawili, na 121 zilizobaki zilipewa mmoja mmoja. Jumla ni wajumbe 205. Juu ya hayo, sheria ya mwaka 1917 ilithibitisha kwamba uteuzi wa mgombea ugavana ndani ya Chama cha Democratic usiamuliwe kwa wingi wa kura, bali kwa alama za kaunti: sita kwa kaunti kubwa, nne kwa za kati, mbili kwa ndogo. Wakati huo chama hicho kilikuwa ndicho chama pekee chenye nguvu katika jimbo, kwa hiyo aliyeteuliwa na chama alikuwa gavana tayari.

Hesabu hiyo ilizaa nini? Katika sensa ya mwaka 1960 kaunti ya Fulton, iliyobeba sehemu kubwa ya mji wa Atlanta, ilikuwa na watu 556,326. Kaunti ya Echols ilikuwa na watu 1,876. Fulton ilikuwa na alama sita, Echols mbili. Maana yake ni kwamba alama moja ya Echols ilisimama badala ya watu 938, na alama moja ya Fulton badala ya watu 92,721. Mkazi mmoja wa Echols alikuwa na uzito wa wakazi 99 wa Fulton. Mwaka 1946 mgombea mmoja, James Carmichael, alipata kura nyingi zaidi za wananchi kuliko Eugene Talmadge, na bado Talmadge akapewa ushindi kwa wingi wa alama. Talmadge alikuwa ameahidi waziwazi kuwazuia Weusi wasipige kura za ndani ya chama, haki waliyokuwa wameipata mwaka ule ule baada ya mwananchi Mweusi wa mji wa Columbus, Primus King, kushinda kesi mahakamani.

Hapa liko jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Mtindo ule haukuwaumiza Weusi peke yao. Mfanyakazi Mzungu wa Atlanta naye alihesabiwa kama sehemu ndogo ya mtu. Lakini alifundishwa kuitazama ngozi yake badala ya kuitazama hesabu, na kwa muda mrefu aliridhika.

Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Tennessee, iliamua kwamba mahakama zinaweza kusikiliza malalamiko juu ya ugawaji wa wilaya za uchaguzi. Mwaka huo huo Georgia ililazimika kugawa upya wilaya za Seneti, na mwanasheria Leroy Johnson wa Atlanta akawa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Bunge la jimbo tangu zama za Rogers. Tarehe 18 Machi, 1963, Mahakama Kuu ilizifuta alama za kaunti za Georgia, na katika hukumu hiyo Jaji William Douglas aliweka kanuni ya mtu mmoja kura moja. Tarehe 15 Juni, 1964, kwa kesi ya Alabama, kanuni hiyo ilienezwa kwa mabunge yote ya majimbo. Ndipo Baraza la Georgia lilipolazimishwa kujigawa upya kwa kufuata idadi ya watu, na Fulton, iliyokuwa na viti vitatu, ikapata viti vingi. Kimoja kati ya hivyo ndicho kilichopewa namba 136.

Wilaya ya 136, basi, haikuzaliwa kwa hisani ya watawala. Ilizaliwa kwa amri ya mahakama, na amri ya mahakama yenyewe ilitokana na watu waliokubali kupigwa, kufungwa na kufukuzwa kazi kwa kudai kuhesabiwa.

Uchaguzi wake wa kwanza ulifanyika tarehe 15 Juni, 1965, mwaka mmoja kamili baada ya hukumu ya Alabama. Bond alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kamati ya vijana iliyojulikana kwa herufi SNCC, iliyoundwa mwaka 1960 na wanafunzi waliokuwa wakikaa katika mikahawa ya Wazungu na kukataa kuondoka. Ndani ya kamati hiyo alisimamia habari na uenezi. Alikuwa mtoto wa mwalimu: baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa Mweusi wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo ambacho Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe walisoma. Mwaka 1964 Julian Bond alikuwa katika ujumbe wa SNCC uliozuru Guinea ya Sékou Touré. Katika ujumbe huo alikuwamo pia Bob Moses, ambaye baadaye alikuja Tanzania akafundisha hesabu huko Same kuanzia mwaka 1969 mpaka 1976. Huenda wapo walimu waliopitia mikononi mwake.

Katika kampeni yake Bond alipita nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu wanataka nini. Walitaka kima cha chini cha mshahara kinachotosha kula, na nyumba zisizobomolewa kwa jina la kuendeleza mji. Alipata kura 2,320, na mpinzani wake, naye Mweusi na mtumishi wa Chuo Kikuu cha Atlanta, alipata 487. Ni ushindi mkubwa, lakini jumla yake haifiki nusu ya wapigakura 6,500. Watu waliozoea kwa miaka sitini kwamba kura yao si kitu hawaamki wote kwa siku moja.

Miezi saba ilipita kabla ya siku ya kiapo. Tarehe 3 Januari, 1966, katika mji wa Tuskegee, Alabama, mwanafunzi Samuel Younge, aliyekuwa amelitumikia jeshi la majini la nchi yake, alipigwa risasi na kuuawa kwa sababu alitaka kutumia choo cha Wazungu katika kituo cha mafuta. Aliyempiga risasi alifikishwa mahakamani baadaye mwaka huo na kuachiliwa na wazee wa baraza ambao wote walikuwa Wazungu. Siku tatu baada ya mauaji hayo SNCC ilitoa tamko. Ilisema kwamba kuuawa kwa Younge hakutofautiani na kuuawa kwa wakulima wa Vietnam, kwa kuwa wote walikuwa wakitafuta haki walizoahidiwa na sheria. Na kwamba inawaunga mkono vijana wasiotaka kuitikia wito wa kwenda vitani. Bond hakushiriki kuliandika tamko hilo. Lakini mtangazaji wa kituo cha redio kilichopata msaada wa jimbo alipompigia simu kumuuliza kama analikubali, alijibu kwamba analikubali.

Jibu hilo lingeweza kukanushwa, na wapo waliomshauri atafute maneno ya kulilainisha. Kwa mwanasiasa kijana mwenye kiti kipya, hiyo ingekuwa njia rahisi. Mbele ya kamati iliyomhoji aliueleza msimamo wake kwa utulivu: kwamba anastahi ushujaa wa mtu anayetenda analoliamini huku akijua adhabu inamngoja, kwamba hajamshawishi mtu yeyote kuchoma kadi ya kuitwa jeshini, na kwamba kadi yake mwenyewe anayo mfukoni, wakitaka ataitoa waione. Hakuondoa neno. Ndipo zikaja zile kura 184.

Waliomfukuza walisema mtu mwenye maneno kama hayo hawezi kuapa kwa moyo safi kwamba ataitetea Katiba ya Marekani. Wengi wao walikuwa watu waliotumia miaka kumi na zaidi kupinga waziwazi amri za mahakama za kuchanganya watoto shuleni, nao walikula kiapo kile kile kila walipochaguliwa, wala hakuna karani aliyewazuia. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Waliotunga msemo huo walielewa kwamba mjumbe habebi sauti yake tu. Anayempiga hupiga hata waliomtuma.

Na waliomtuma hawakukaa kimya. Tarehe 14 Januari Dk. Martin Luther King aliongoza maandamano hadi jengo la Bunge. King alikuwa na sababu zaidi ya udugu wa mapambano, kwani nyumba yake ilikuwa Vine City, na yeye mwenyewe alikuwa mwananchi wa wilaya ya 136. Alijiunga na kesi kama mpigakura aliyenyimwa mwakilishi. Wanachama wa SNCC nao walihamia Vine City kufanya kazi kati ya watu wenye kodi kubwa na paa linalovuja. Gavana alitangaza uchaguzi mdogo mwezi Februari ili kukijaza kiti alichokiita wazi. Wilaya ikamchagua Bond. Kamati ya Baraza ikamwita tena, ikamuuliza kama anayafuta maneno yake. Akakataa, na mlango ukafungwa mara ya pili. Mwezi Septemba alishinda uteuzi wa ndani ya chama, na tarehe 8 Novemba, 1966, akashinda uchaguzi mkuu. Hivyo kwa muda usiozidi miezi kumi na saba wilaya moja ilimchagua mtu mmoja mara tatu kwa kiti kile kile, na kiti kikabaki kitupu mwaka mzima. Watu wa wilaya hiyo waliendelea kulipa kodi kwa jimbo ambalo sheria zake zilitungwa bila wao.

Mahakamani mambo hayakuwa mepesi. Mahakama ya shirikisho mjini Atlanta, iliyokuwa na majaji watatu, iliamua kwa sauti mbili dhidi ya moja kwamba Baraza lilikuwa na uwezo wa kumkataa. Jaji Elbert Tuttle ndiye aliyepingana na wenzake. Rufani ikapelekwa Washington. Huko mawakili wa jimbo walitoa hoja ambayo kila mtumishi wa umma ameisikia kwa namna moja au nyingine: kwamba raia wa kawaida anaweza kusema atakalo juu ya vita, lakini mjumbe wa Bunge, kwa kuwa ana dhamana, lazima apimwe kwa kipimo kikali zaidi cha utii.

Hoja hiyo haikosi uzito wote. Mwenye dhamana hana budi kuchunga ulimi wake katika siri za kazi na katika amri alizokabidhiwa. Lakini mjumbe si karani wa Baraza. Akikatazwa kusema yale ambayo mpigakura wake ana ruhusa ya kuyasema barabarani, anamwakilisha kwa lipi? Tarehe 5 Desemba, 1966, majaji wote tisa waliafikiana. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, ilisema kwamba Baraza haliwezi kulifanya sharti la kiapo kuwa kisingizio cha kuupima moyo wa mtu, na kwamba maslahi ya umma yanataka wajumbe wapewe uhuru mpana kabisa wa kutoa maoni juu ya siasa za nchi. Tarehe 9 Januari, 1967, Bond alikula kiapo. Siku iliyofuata Bunge lile lile, kwa kuwa uchaguzi wa gavana haukumpa yeyote wingi uliotakiwa, lilimchagua Lester Maddox kuwa gavana, mtu aliyepata sifa kwa kuwafukuza Weusi mkahawani mwake kwa mipini ya mashoka. Kesi ya Bond hubeba jina la mjumbe James Floyd. Ofisi za Serikali ya Georgia zilizo jirani na jengo la Bunge zinaitwa kwa jina lake, na mwaka 1978, katika viwanja vya jengo hilo hilo la Bunge, ilisimamishwa sanamu ya ukumbusho wa wale waliofukuzwa mwaka 1868 kwa sababu ya rangi yao.

Namba 136 yenyewe haikudumu mahali pale. Mipaka huchorwa upya kila baada ya sensa, Baraza likapunguzwa hadi wajumbe 180, na namba hiyo ikahamia kwa watu wengine nje ya Atlanta. Bond aliingia Seneti ya jimbo mwaka 1975, na kalamu ya kuchora mipaka ilipofika zamu yake, aliishika. Baada ya sensa ya mwaka 1980 alidai wilaya ya tano ya Bunge la Marekani, ile ya Atlanta, ichorwe ili Weusi waweze kumchagua wamtakaye. Bunge la Georgia lilitoa mpango wenye Weusi kiasi cha 57 kwa mia, wakati walioandikishwa kupiga kura walikuwa pungufu ya hapo. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, majimbo kama Georgia yalitakiwa kupata kibali cha Washington kabla ya kubadili mipaka. Mwaka 1982 mahakama ilikinyima kibali mpango huo kwa kuwa ulichorwa kwa nia ya ubaguzi, na wilaya ikachorwa upya kwa Weusi kiasi cha 65 kwa mia. Sharti hilo la kibali lilivunjwa nguvu na Mahakama Kuu mwaka 2013. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2023, jaji wa shirikisho mjini Atlanta aliiamuru Georgia ichore upya mipaka yake kwa kuwa ilipunguza nguvu ya kura za Weusi.

Mwaka 1986 kiti cha wilaya ya tano, ile aliyoipigania Bond, kilikuwa wazi. Bond aligombea. Aliyempinga alikuwa John Lewis, mwenyekiti wa SNCC siku lilipotolewa lile tamko la Januari 1966, na rafiki yake wa zaidi ya miaka ishirini. Wengi waliona kiti ni cha Bond, kama vile mkulima anavyotarajia kuvuna shamba alilolilima. Katika duru ya pili wapigakura Weusi wengi zaidi walimchagua Bond, lakini Wazungu wengi walimpa Lewis, na pamoja na sehemu ya kura za Weusi zikamtosha. Bond alitoka katika siasa za uchaguzi. Lewis aliapishwa Januari 1987, na watu wa Atlanta walimrudisha kila baada ya miaka miwili mpaka alipofariki Julai 2020.